Ua wa Kikuba: namna ya kubuni na kujenga bustani ya mashindano kwenye kiwanja cha mita 10 kwa 8

Bustani ya nyumbani ikichelewa kuchanua, utaisubiri. Bustani ya mashindano ina asubuhi moja tu ya kukaguliwa, na ikichelewa siku 3 imekosa. Ndiyo maana kazi zote za mwongozo huu zimepangwa kwa kurudi nyuma kutoka siku ya majaji.

Mfano tunaoutumia ni ua wa ndani wa nyumba ya Mwambao, wenye maua ya kufungia vikuba, yaani vishada vidogo vya maua na majani yanayonukia ambavyo wanawake wa Mwambao hujipamba navyo. Mimea yake inapatikana kuanzia Lamu hadi Unguja na mafundi wake wapo. Tena mada hii haikupi nafasi ya kubahatisha, kwa sababu maua ya kikuba yana saa zake.

1. Andiko kwanza, mchoro baadaye

Soma kanuni za mwandaaji mpaka mwisho kabla hujashika penseli. Tafuta majibu ya mambo haya: kiwanja kiko wazi pande ngapi, kuchimba kunaruhusiwa hadi kina gani, urefu wa mwisho wa ukuta ni upi, maji na umeme vinafika wapi, una siku ngapi za kujenga na ngapi za kubomoa, na majaji wanapita saa ngapi. Hilo la mwisho watu wengi hawaliulizi, na ndilo litakaloamua maua utakayopanda.

Kisha andika andiko la bustani. Katika maonyesho ya bustani ya RHS Chelsea Flower Show (RHS ni chama cha bustani cha Uingereza), yanayofanyika kwenye viwanja vya Royal Hospital jijini London tangu 1913, majaji huanza na andiko hilo: mbunifu aliahidi nini, na je, kilichojengwa kinatimiza ahadi? Medali ni za madaraja 4, yaani dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha na shaba. Kila bustani hupimwa kwa kiwango, si kwa kulinganishwa na jirani yake, hivyo bustani kadhaa zinaweza kupata dhahabu mwaka mmoja. Hata kama mashindano yako hayafuati utaratibu huo, andiko litakusaidia, maana ndilo litakalokuambia cha kuacha.

Andiko letu ni hili: "Ua wa ndani wa nyumba ya mawe ya Mwambao, ambamo wenye nyumba huchuma maua ya kikuba wakati wa alasiri." Sasa lipitishe juu ya kila kitu unachotamani kuweka. Mchaichai ni mzuri na unanukia, lakini haufungwi kwenye kikuba, utoe. Sanamu ya simba, taa za rangi, daraja dogo la mbao: vyote nje. Bustani nyingi hupoteza alama kwa wingi wa vitu, na mbunifu hushangaa kwa kuwa kila kimoja kilikuwa kizuri peke yake.

2. Vipimo vya kweli

Usibuni ua wa Mwambao kutoka kwenye picha za hoteli. Nenda Lamu, Mji Mkongwe wa Unguja au magofu ya Gede ukiwa na futi kamba, upime baraza, vizingiti, unene wa kuta na kina cha zidaka (vishubaka vya ukutani). Kipimo kimoja kinafaa kukumbukwa daima: vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazivuki umbali mrefu. Baraza yako yenye paa ikiwa na upana zaidi ya mita 2.8, mtu anayezijua nyumba hizi ataona kosa kabla hajaona ua lolote.

Kiwanja chetu kina mita za mraba 80. Tuligawe hivi: sakafu ya mawe 34, baraza 7, birika (hodhi la maji) 3, mimea 36. Kuta ziwe pande mbili za nyuma, na pande mbili za mbele zibaki wazi kwa watazamaji. Chora kwa kipimo cha 1 kwa 50, kisha chora tena kile atakachoona mtu aliyesimama kwenye kila kona ya mbele, macho yakiwa mita 1.6 kutoka ardhini. Birika likifichwa na mimea kutoka kona moja, lisogeze sasa kwenye karatasi.

3. Mimea na idadi yake

Mimea ya maonyesho hupandwa kwa kubanana kuliko ya kawaida, kwa sababu haitapata miezi ya kujaza mapengo. Kwa mita za mraba 36 utahitaji:

- asumini 40, za vyungu vya lita 5, nne kwa mita ya mraba
- mrehani 180, kumi na mbili kwa mita ya mraba
- miwaridi 14 ya kienyeji yenye harufu
- vilua 6 na mihina 4, vya urefu wa mita 1 hadi 1.5
- mikadi 2 mikubwa
- milangilangi 2 ya mita 3 na mkomamanga 1, vyote vilivyokulia kwenye pipa

Miti mitatu hiyo haiongezi eneo, kwa kuwa mimea midogo inakaa chini yake. Ongeza asilimia 20 ya asumini na mrehani, yaani kitaluni uwe na asumini 48 na mrehani 216. Hiyo ndiyo akiba ya kubadilisha yaliyovunjika njiani au yaliyogoma kuchanua.

Mkadi una miba kwenye kingo za majani. Uwe sentimita 60 au zaidi kutoka njia ya watu. Mlangilangi usihamishwe kutoka ardhini wiki chache kabla ya maonyesho, utapukutisha majani. Nunua uliokulia pipani, na chagua mti ambao tayari una maua ya rika mbalimbali, mabichi ya kijani na yaliyokomaa ya manjano. Mlangilangi huulazimishi kuchanua kwa wiki unayotaka wewe.

4. Kurudisha kalenda nyuma

Maonyesho kadhaa ya kilimo Afrika Mashariki huangukia Agosti. Nane Nane ya Tanzania hufikia kilele tarehe 8 mwezi huo. Ni kipupwe: Pwani kuna upepo wa kusi unaokausha majani, na bara kuna baridi ya usiku. Ukiipeleka asumini ya Tanga kwenye viwanja vya Nzuguni, Dodoma, machipukizi yatasimama palepale yalipo. Kwa safari kama hiyo ifikishe ikiwa na vitumba vya maua vilivyokwisha kujaa na kuwa vyeupe, na usiku uifunike kwa turubai jepesi lisilogusa majani.

*Miezi 8 kabla.* Kata pingili za asumini za sentimita 12 hadi 15, zitie kwenye mchanga wenye unyevu chini ya kivuli. Zitatoa mizizi baada ya wiki 4 hadi 6. Ukinunua miche mikubwa hatua hii huihitaji.

*Wiki 10 kabla.* Sia mrehani kwa mikupuo mitatu: wiki ya 10, ya 9 na ya 8. Usisie mkupuo mmoja. Baridi ikizidi, wa kwanza ndio utakaofaa. Joto likizidi, wa kwanza utakuwa umeshatoa mashada ya mbegu na shina limekuwa gumu kama kijiti, na wa tatu ndio utakaookoa bustani. Mche ukiwa na jozi 3 za majani, kata ncha juu ya jozi ya pili ili utoe matawi mawili. Rudia kila matawi yanapofikia jozi 3 tena, na acha kukata siku 12 kabla ya majaji ili kingo zisionyeshe makovu.

*Wiki 8 kabla.* Asumini huchanua kwenye chipukizi jipya. Punguza nusu ya miche kwa theluthi moja ya urefu, kisha tia samadi iliyooza vizuri na umwagilie bila kukosa. Nusu ya pili ipunguze wiki inayofuata. Kwa njia hiyo una siku kadhaa za maua badala ya wimbi moja.

*Wiki 7 kabla.* Punguza miwaridi. Nyanda za juu penye baridi, itangulize kwa wiki moja.

*Siku 14 kabla.* Anza kuzoesha jua mimea iliyokuwa chini ya neti ya kivuli: siku 4 za jua la asubuhi pekee, siku 4 hadi adhuhuri, kisha kutwa. Ukiruka hatua hii, majani yatapata mabaka meupe ya kuungua ndani ya siku mbili, na mabaka hayo hayaponi.

5. Kujenga: siku 12, watu 5

Utaratibu una kanuni moja: anza nyuma, malizia mbele, ili toroli lisipite juu ya kazi iliyokwisha.

Siku ya 1 pigilia vigingi na ufunge kamba. Pata pembe mraba kwa kupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kamba ya mshazari lazima isome mita 5 kamili. Ikisoma 5.03, usiseme inatosha, kwa sababu kosa hilo litaonekana kwenye mstari wa mwisho wa mawe ya sakafu. Chimba mitaro ya maji na umeme siku hiyohiyo, na kila mtaro uupige picha ukiwa na futi kamba kando, ili siku ya kupanda mtu asikate waya kwa sururu.

Kuta zijengwe karakanani, si kiwanjani. Lipu ya chokaa hukauka polepole na ikiharakishwa na jua hupasuka, nawe huna wiki hizo uwanjani. Tengeneza fremu za mbao za inchi 2 kwa 4 zenye urefu wa mita 2.1, zifunikwe kwa plaiwudi ya milimita 18 na wavu wa kushikia lipu. Kwa lipu, changanya kipimo 1 cha chokaa iliyolowekwa na vipimo 3 vya mchanga msafi. Paka tabaka 2 nyembamba, na kila tabaka lilindwe kwa magunia mabichi siku za mwanzo. Chokaa huunguza ngozi na macho, hivyo glavu na miwani ni lazima, hasa mnapopiga lipu juu ya usawa wa kichwa. Zidaka ziundwe kwenye fremu kabla ya plaiwudi. Kidaka kilichobandikwa baadaye hakina kina, kinaonekana ni picha.

Ukutani weka nguzo kila mita 1.2, ziingie ardhini sentimita 60. Kuchimba kukikatazwa, tumia mihimili ya nyuma yenye mguu wa mita 1.2 na mifuko ya mchanga ya kilo 50, miwili kwa kila mguu. Kusi likivuma, ukuta wa mita 2.1 ni tanga. Usiamini uzito wake wenyewe.

Boriti za mikoko huvunwa kwa kibali. Nunua kwa muuzaji mwenye hati na uzitunze hati hizo, maana unaweza kuulizwa. Kama hazipatikani, nguzo nyembamba za mkalitusi zilizomenywa na kupakwa rangi ya kahawia iliyofifia hukubalika, mradi andiko lako lisidai kuwa ni mikoko. Mawe ya matumbawe yawe ya machimbo ya nchi kavu, kamwe yasitoke baharini.

Sakafu ya mita za mraba 34 inataka mchanga wa sentimita 5, yaani mita za ujazo 1.7, agiza 2. Shindilia, tandaza mchanga, pitisha ubao wa usawa, panga mawe. Mteremko uwe sentimita 1 kwa kila mita 1, ukielekea mbali na birika.

6. Birika

Hapa ndipo majaji na watazamaji watakaposimama muda mrefu, basi hapa usipunguze gharama.

Ukubwa: mita 2.4 kwa 1.2, kina sentimita 45. Litabeba lita 1,300 hivi. Usijenge kwa saruji mpya ukapanda yungiyungi wiki hiyohiyo: saruji na chokaa mbichi hugeuza maji kuwa makali, majani yakaungua na samaki wakafa. Jenga kuta za tofali, tandaza ndani magunia ya kulinda, kisha nailoni nzito nyeusi ya mabwawa. Kipimo cha nailoni ni urefu, ukijumlisha kina mara mbili, ukijumlisha sentimita 30 za kukunja kila upande: mita 3.9 kwa 2.7. Mikunjo ya pembeni ikunjwe kama bahasha na kubanwa chini ya mawe ya ukingo. Weusi wa ndani huficha kina na kufanya maji yaakisi ukuta mweupe, jambo ambalo rangi ya buluu ya mabwawa ya kuogelea haliwezi.

Nje ya nailoni, ukuta ufunikwe kwa vipande vya plaiwudi vilivyopigwa lipu ya chokaa mapema. Ukitaka kuwa mwaminifu kwa nyumba za Lamu, weka visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu, kama ilivyokuwa desturi katika mabirika yake. Watie siku 2 kabla ya majaji, maji yakiwa yamekaa siku 3 wazi ili klorini ya bomba itoke.

Sasa yungiyungi, na ile saa ya majaji. Yungiyungi la buluu la Afrika hufunguka asubuhi jua likishapanda, kwenye saa 3, na kufunga alasiri. Yungiyungi jeupe la usiku hufunguka magharibi na kufunga asubuhi jua likikolea. Majaji wakipita saa 1 na nusu asubuhi, la buluu watalikuta bado limefumba na jeupe bado li wazi. Wakipita saa 5, ni kinyume chake. Ratiba isipojulikana, panda aina zote mbili, vyungu 2 kwa 2. Viinue kwa matofali ili juu ya udongo wa chungu kuwe na maji ya sentimita 20 hadi 25. Mayungiyungi hayapendi maji yanayotikisika wala kurushiwa matone juu ya majani, kwa hiyo pampu ya kuzamisha ya lita 1,000 kwa saa iwekwe upande wa pili, irudishe maji taratibu kupitia bomba lililozama. Umeme wake upite kwenye swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja, na iwekwe na fundi wa umeme mwenye leseni.

7. Kupanda

Siku ya 8 ingiza miti. Mlangilangi wa pipani uliomwagiliwa ni mzito kupita nguvu za watu wawili. Andaa mbao za kuteleza na watu 4, na mwagilia baada ya kuuweka, si kabla. Kabla ya kujaza udongo, mtu mmoja asimame kwenye kila kona ya mbele huku mwingine akiuzungusha mti polepole. Kila mti una uso wake.

Siku ya 9 na ya 10 ni za asumini, vilua, mihina na miwaridi. Ya 11 ni ya mrehani. Kwa maonyesho ya wiki moja, acha mimea ndani ya vyungu na uizamishe udongoni. Unaweza kubadilisha mmoja kwa dakika mbili, na baadaye yote inarudi kitaluni ikiwa hai. Ubaya wake ni kwamba chungu hukauka haraka, na kingo zikionekana bustani nzima inageuka duka la miche. Zamisha hadi ukingo uwe sentimita 3 chini ya usawa, kisha funika kwa matumbawe yaliyosagwa au mboji nyeusi. Mita moja ya ujazo inatosha eneo lote.

Mrehani usiupange mistari. Panga makundi ya miche 7 au 9, kundi liingie ndani ya kundi la asumini, na urefu upande na kushuka. Majani yaguse majani, ila usibane mpaka hewa ikose njia: mrehani uliolala na maji katikati ya majani huoza kwa chini usiku mmoja.

Maji: lita 5 hadi 6 kwa mita ya mraba kwa siku, yaani kama lita 200, mara mbili kwa siku kukiwa na upepo. Weka tangi la lita 500 nyuma ya ukuta, kwa sababu bomba la uwanjani hukatika siku watu wote wanapolitumia.

8. Usiku wa mwisho na asubuhi yenyewe

Alasiri ya siku ya 12, chuma vitumba vya asumini vilivyojaa lakini havijafunguka, vifunge pamoja na mrehani, vilua na vipande vya mkadi. Tengeneza vikuba 5, vizungushie jani la mgomba na kitambaa kibichi, uviweke penye ubaridi. Asubuhi weka vitatu kwenye sinia juu ya baraza, cha nne kikiwa nusu kimefungwa na uzi wake ukining'inia. Cha tano ni akiba. Hivyo andiko linasomeka bila mtu kuelezwa kitu.

Asumini hufunguka magharibi, na maua yake huanza kudondoka kesho yake asubuhi. Saa 11 na nusu alfajiri mwagilia chini ya majani, kisha okota kila ua lililogeuka kahawia, ukiacha machache meupe yaliyoanguka sakafuni karibu na baraza. Ua ambao haujadondokewa na ua lolote hauaminiki. Futa majani ya mkadi kwa kitambaa kibichi ukifuata miba inakoelekea. Ondoa vumbi juu ya maji kwa kuburuta gazeti juu yake mara moja. Kagua misumari, kamba, lebo za bei na alama za viatu kwenye chokaa, kisha ulinganishe kila kitu na mchoro uliouwasilisha. Kama ulilazimika kubadilisha mti au jiwe, andika badiliko hilo na sababu yake, umkabidhi mwandaaji kabla majaji hawajafika; jaji akikuta mkomamanga ulioahidi haupo na hakuna maelezo, atahesabu ni pengo.

Ukiruhusiwa kuongea nao, una dakika chache tu. Soma andiko, onyesha ua linavyotumika, jibu ulichoulizwa.

9. Kubomoa

Panga mahali bustani itakapokwenda kabla hujaijenga: shule, zahanati, au mnunuzi wa kuta na birika. Siku ya kubomoa zima umeme kwanza, toa samaki, kisha mayungiyungi ndani ya ndoo zenye maji. Nyonya maji ya birika kwa pampu ileile uyamwagie miti. Mrehani ukatwe na kugawiwa watu uwanjani. Asumini irudi kitaluni chini ya kivuli kwa wiki mbili, ipunguzwe tena, na baada ya miezi michache itatoa pingili za msimu ujao. Fremu za ukuta zifunguliwe skrubu moja moja na kuandikwa namba nyuma, zihifadhiwe zimesimama wima, kwani zikilazwa lipu hupasuka katikati.